Dabqaad na Meko ya Marumaru: Moto Ndani ya Jiwe Jeupe

Katika majumba makubwa ya Ulaya yaliyojengwa kati ya karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 20, ni vigumu kupata sehemu ya chumba iliyogharimiwa na kupambwa zaidi kuliko meko ya kuotea moto, yaani pale mahali palipoachwa wazi ukutani kwa ajili ya kuwashia kuni au makaa ya mawe, pakazungushiwa fremu ya marumaru iliyochongwa maua, nguzo na sura za watu, na juu yake pakawekwa rafu ya saa na vinara vya mishumaa. Mkazi wa Eldas, katika Kaunti ya Wajir, ambako jua la Februari huchoma tangu asubuhi na hakuna nyumba inayohitaji kutiwa joto, anaweza kudhani kwamba historia ya kitu hicho haimhusu hata kidogo. Makala haya yanashikilia kinyume chake, kwa sababu katika nyumba za Wasomali wa Eldas, Wajir, Garissa na Mandera moto nao hutiwa ndani ya jiwe jeupe lililonakshiwa kwa mkono, na chombo hicho, kiitwacho dabqaad, hupewa sebuleni heshima ileile ambayo wenye majumba waliyapa meko yao, ingawa kimo chake hakifiki goti la mtu mzima.

Ili thamani ya dabqaad ieleweke vizuri, inafaa kwanza kutazama jinsi meko ya marumaru yalivyoundwa. Meko ya kale yana sehemu mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya kazi, nayo ni shimo la moto lenyewe, kichanja cha chuma cha kubebea kuni, bamba zito la nyuma linalorudisha joto chumbani, na dohani, yaani njia ya moshi inayopanda ndani ya ukuta hadi juu ya paa. Ya pili ni ya pambo, nayo ni miimo miwili ya pembeni, kizingiti cha juu kilichonakshiwa, na rafu. Marumaru hutumika katika sehemu ya pili, tena kwa tahadhari, kwa kuwa marumaru ni mawe ya chokaa yaliyogeuzwa na joto na mgandamizo wa chini ya ardhi hadi yakawa fuwele zilizoshikana, na jiwe la namna hiyo likipashwa joto la zaidi ya nyuzi 800 huanza kuvunjika na kurudi kuwa chokaa. Ndiyo maana mafundi waliacha ukingo wa chuma au wa jiwe jeusi la sleti kati ya ndimi za moto na ule weupe uliotamaniwa na macho, hivi kwamba anayeyatazama meko hayo huona marumaru kana kwamba ndiyo yanayobeba moto, ilhali moto hauyagusi kamwe.

Dohani hufanya kazi kwa kanuni rahisi. Hewa iliyopata moto hupanuka, huwa nyepesi kuliko hewa ya nje, hupanda, na inapopanda huvuta hewa nyingine kutoka chumbani ipite juu ya moto na kuufanya uwake. Tatizo ni kwamba dohani pana huvuta pamoja na moshi sehemu kubwa ya joto lililokusudiwa kwa watu, na kwa karne nyingi matajiri wa Ulaya walikaa mbele ya meko makubwa wakiungua nyuso na kuganda migongo. Aliyelishughulikia jambo hilo kisayansi ni Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts aliyekuja kujulikana kwa cheo cha Count Rumford, ambaye mwaka 1796 alichapisha insha iliyoeleza kwamba shimo la moto lipunguzwe kina, kuta zake za pembeni ziinamishwe ili zirushe joto chumbani, na koo la dohani libanwe ili moshi upite bila kuondoka na joto lote. Mashimo ya meko mengi ya London yalijengwa upya kwa kufuata maelezo yake, huku fremu za marumaru zikiachwa mahali pake. Tangu hapo pambo na kazi vilikuwa vimekwisha kutengana: moto uliweza kubadilishwa umbo bila fremu kuguswa, na baadaye fremu iliweza kuuzwa bila moto.

Marumaru meupe yaliyothaminiwa kuliko yote yalichimbwa Carrara, kaskazini mwa Italia, katika milima ambayo Warumi wa kale walianza kuichimba zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Yalisafirishwa kwa meli hadi bandari za kaskazini, na huko wachongaji waliyafanyia kazi kwa kufuata michoro ya wasanifu kama Robert Adam, Mskoti aliyefariki mwaka 1792, ambaye hakuona shida kuyachora meko, dari na zulia la chumba kimoja kwa pamoja ili nakshi zake zijibizane. Kwa mwenye jumba, meko yalikuwa mahali pa kupokelea wageni, pa kutundikia picha ya babu aliyeujenga ukoo, na pa kuonyesha kwamba alikuwa na uwezo wa kuagiza jiwe kutoka nchi nyingine kwa ajili ya moto ambao ungewaka vilevile ndani ya matofali ya kawaida.

Desturi hiyo ilifika Kenya pamoja na walowezi, na ilijikita nyanda za juu, ambako hali ya hewa iliipa sababu ya kuwepo. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Njoro, karibu na Nakuru, iko zaidi ya mita 2,000, kwa hiyo usiku wa Julai huko humfanya mtu atafute moto. Mfano mkubwa ni kasri la Lord Egerton huko Njoro, jengo la mawe lenye vyumba 52 ambalo Maurice Egerton, bwana wa nne wa Tatton, alianza kulijenga mwaka 1938, ujenzi ukakatizwa na Vita vya Pili vya Dunia, na ukakamilika mwaka 1954, miaka minne kabla ya kifo chake. Egerton alikulia katika utamaduni wa majumba ya Uingereza, ukoo wake ukiwa na jumba la Tatton Park katika jimbo la Cheshire, na alichokijenga Njoro kilikuwa jaribio la kuuhamishia utamaduni huo Bonde la Ufa, pamoja na vyumba vikubwa vilivyopangwa kuzunguka meko. Leo kasri hilo liko chini ya Chuo Kikuu cha Egerton na hutembelewa na watalii na wanafunzi.

Kutoka Njoro hadi Wajir mtu hushuka karibu mita 2,000, na kila anachokijua kuhusu nyumba na moto hubadilika njiani. Mji wa Wajir uko takriban mita 240 tu juu ya usawa wa bahari, mvua yake ni chache na haitabiriki, na joto la mchana hupita nyuzi 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Wafugaji wa eneo hilo, pamoja na wale wanaozunguka Eldas upande wa kaskazini-magharibi wa mji, kwa vizazi vingi wameishi katika aqal, nyumba ya mviringo inayojengwa na wanawake kwa matawi yaliyopindwa na kufunikwa mikeka, ambayo hufunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia malisho yanapokwisha. Nyumba ya aina hiyo haina ukuta wa kutobolewa wala paa la kupitisha dohani. Chakula hupikwa juu ya mafiga matatu, mara nyingi nje ya mlango au kando yake, na familia inapohama mafiga huachwa palepale, maana mawe mengine yatapatikana mbele ya safari. Kinachobebwa ni vyombo, na miongoni mwa vyombo hivyo ni kile cha moto wa harufu.

Dabqaad ni chombo cha kufukizia, yaani cha kuwekea makaa ya moto ambayo juu yake hutiwa ubani au mchanganyiko mwingine wenye kunukia. Watu wa pwani wana chombo cha kazi hiyohiyo wakiitacho chetezo, ambacho kwa kawaida hufinyangwa kwa udongo. Dabqaad pia zipo za udongo, na zipo za bati, lakini ile inayostahili kulinganishwa na marumaru ni ya jiwe jeupe, ambayo umbo lake la kawaida ni bakuli la juu, kiuno chembamba cha kushikia, na kitako kipana cha kusimamia. Mwili wake huchongwa pembetatu, mistari ya kupandana na kushukana, na vimraba vilivyopangwa kwa safu, na mara nyingine pembetatu hizo hutobolewa kabisa ili mwanga na hewa vipite. Sura za watu na wanyama hazionekani katika nakshi hizo, kwa kuwa wachongaji wake hufuata mapokeo ya Kiislamu ambayo huuachia mstari na pembe kazi yote ya kupendeza jicho. Ni vigumu kuitazama dabqaad iliyochongwa vizuri, yenye safu za pembetatu zinazopungua kwa kipimo kimoja kuelekea kiunoni, bila kukiri kwamba fundi wake alikuwa na hesabu mkononi kama wachongaji waliofuata michoro ya Adam.

Jiwe lenyewe lina hadithi yake. Watu wengi huliita jiwe la sabuni, lakini jiwe la sabuni halisi ni zito na lina ulanga mwingi. Jiwe la dabqaad ni sepiolaiti, madini meupe au ya kijivu hafifu yaliyofanyizwa kwa magnesi, silika na maji, ambayo nyuzi zake ndogo sana zimesokotana na kuacha matundu yasiyoonekana kwa jicho. Kwa sababu ya matundu hayo jiwe likikauka huwa jepesi kiasi cha kuelea juu ya maji, likiloweshwa hulainika na kukubali kisu, kisha likianikwa polepole hukaza na kushika umbo lililopewa. Mji wa Eskişehir nchini Uturuki umekuwa maarufu kwa karne kadhaa kwa jiwe hilohilo, ambalo huko huchongwa kuwa viko vya kuvutia tumbaku. Kwa Wasomali chimbuko lake ni El Buur, katika eneo la Galguduud la Somalia ya kati, ambako tabaka za sepiolaiti hulala karibu na jasi, yaani yale madini meupe yanayosagwa kutengenezea plasta, na wachimbaji huzifuata kwa mashimo ya mikono.

Tofauti kati ya jiwe hilo na marumaru ni kubwa kuliko weupe unaoyafananisha. Marumaru hupitisha joto kwa haraka, na ndiyo sababu sakafu ya marumaru huwa baridi kwenye nyayo, ilhali sepiolaiti, kwa kuwa imejaa hewa, huzuia joto lisisambae, hivi kwamba makaa yanaweza kuwa mekundu ndani ya bakuli huku mkono ukikishika kiuno cha chombo bila kuungua. Fundi wa Carrara alilazimika kuuweka moto mbali na jiwe lake, lakini fundi wa El Buur huuweka moto katikati ya jiwe, bila kati yao kuwa na kitu kingine isipokuwa majivu. Haitakuwa kutia chumvi kusema kwamba, kwa upande wa kulingana na kazi yake, jiwe la dabqaad limechaguliwa kwa akili zaidi kuliko marumaru ya jumba lolote, maana hapo pambo na kazi havikutenganishwa: kiuno kinachopendeza ndicho kishikio, na pembetatu zilizotobolewa ndizo zinazopitisha hewa. Jiwe hilohilo ndilo linalochongwa pia kuwa burjiko, jiko la makaa la kupikia ambalo lilikuwa la kawaida katika miji ya Somalia, na ambalo jina lake lenyewe limebeba neno la Kiswahili.

Kuiwasha dabqaad ni kazi yenye utaratibu wake. Makaa huwashwa kwanza kwenye jiko hadi yashike vizuri na kuacha kutoa moshi, kisha vipande viwili au vitatu huhamishiwa kwenye bakuli ambalo chini yake pametandazwa majivu, na kwa kawaida makaa yenyewe hunyunyiziwa majivu kidogo juu. Majivu hayo ndiyo siri ya harufu nzuri. Utomvu wa ubani hauhitaji kuungua, bali huhitaji joto la wastani ili mafuta yake yageuke mvuke, na ukitupwa juu ya kaa jekundu tupu hushika moto, hutoa moshi mweusi na kunuka kama kitu kilichounguzwa. Mwenye uzoefu huongeza au hupangusa majivu kwa ncha ya kijiti mpaka uzi wa moshi uwe mwembamba na mweupe, na hapo ndipo hujua kwamba joto limefika panapotakiwa.

Kinachofukizwa hutofautiana kwa familia na kwa shughuli. Upo ubani, ambao Wasomali huuita foox, na ule unaosifiwa zaidi hutoka katika milima ya Sanaag na Bari kaskazini mwa Somalia, kwenye miti ya jamii ya Boswellia inayoota juu ya miamba. Ipo manemane, utomvu mwekundu mchungu uitwao malmal. Upo pia uunsi, ambao hutengenezwa na wanawake kwa kuchemsha sukari hadi iwe nzito, kisha kuichanganya na ubani uliopondwa, miski, manukato na viungo, na kuumimina kwenye sinia ugande na kuvunjwavunjwa vipande. Kila mtengenezaji ana vipimo vyake, ambavyo hurithishwa kwa binti na havitolewi ovyo, na uunsi wa mtu fulani huweza kutambuliwa na jirani kabla hajaingia mlangoni.

Wasomaji wengi huenda wasijue kwamba ardhi ya kaskazini mwa Kenya yenyewe ina hazina hiyo. Katika nyika za Wajir, Mandera, Marsabit na Isiolo huota Boswellia neglecta, mti mdogo unaotoa ubani, pamoja na miti ya jamii ya Commiphora inayotoa manemane na utomvu mwingine uitwao hagar. Tofauti na Somalia ya kaskazini, ambako magome hukatwa kwa makusudi ili mti ulie, wakusanyaji wa Kenya, wengi wao wakiwa wanawake na wachungaji, huokota utomvu uliotoka wenyewe kwenye nyufa za magome, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, imefanya kazi kwa miaka mingi kuwafundisha namna ya kuuchambua na kuuhifadhi ili bei yake ipande. Mti huo hauhitaji kukatwa ili ulete fedha, na katika eneo ambalo uchomaji wa makaa umemaliza miti mingi, hiyo ni sababu ya kutosha ya kuitazama biashara ya ubani kwa uzito zaidi kuliko inavyotazamwa sasa.

Saa za dabqaad ni jioni, baada ya kazi na chakula, ingawa mgeni akifika haingojwi jioni. Nguo hutandazwa juu ya kitenga au kiti na chombo huwekwa chini yake ili kitambaa kinywe moshi, nywele zilizooshwa hukaushwa juu yake, na sebule hufukizwa kila pembe. Katika arusi chombo hicho hutangulia mambo mengi, na mama aliyejifungua anapokaa ndani siku zake arobaini nyumba hufukizwa mara kwa mara, kwa ajili ya usafi wa hewa na kwa ajili ya heshima ya mtoto aliyekuja. Iko pia kazi nyingine ya moshi isiyohitaji dabqaad lakini inayotoka katika ujuzi uleule, nayo ni ya kufukiza vyombo vya maziwa kwa vijinga vya miti iliyochaguliwa, jambo ambalo wafugaji wa kaskazini wamelifanya tangu zamani na ambalo lina maelezo ya kisayansi, kwa kuwa kemikali zilizomo katika moshi wa kuni hupunguza vijidudu vinavyochachusha maziwa kabla ya wakati, na maziwa ya ngamia hupata harufu ambayo mnywaji aliyeizoea huitafuta.

Hata hivyo, ukweli kuhusu moshi lazima usemwe wazi. Meko ya Ulaya yalikuwa na dohani ya kuutoa moshi nje, lakini dabqaad huuachilia chumbani, na ndilo kusudi lake. Zaidi ya chembe za moshi zinazoudhi kifua, makaa yanayowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na ambayo huua watu wanaolala katika vyumba vilivyofungwa. Katika aqal, ambayo mikeka yake huvuja hewa kila upande, hatari hiyo ilikuwa ndogo, lakini nyumba za matofali zenye madirisha ya vioo, kama zinavyojengwa sasa Garissa na Wajir, hazina uvujaji huo. Dirisha likiachwa wazi, mtoto mchanga na mwenye pumu wakaondolewa chumbani, na makaa yakatolewa nje kabla ya kulala, desturi inaweza kuendelea bila kumdhuru mtu.

Pwani, ambako pia hakuna baridi ya kuota moto, majumba ya mawe yalipata njia nyingine ya kuupa ukuta mmoja utukufu. Katika nyumba za karne ya 18 za Lamu, ukuta wa chumba cha ndani hujazwa zidaka, yaani vijishubaka vingi vilivyofinyangwa kwa plasta ya chokaa na kunakshiwa, ambavyo ndani yake viliwekwa vyombo vya kauri vilivyoletwa kwa majahazi. Mgeni aliyeingia aliuelekeza uso wake ukutani hapo kama mgeni wa Tatton Park alivyouelekeza kwenye meko.

Vitu vya namna hiyo vina adui mmoja wa pamoja, naye ni soko la vitu vya kale. Katika karne ya 20 Uingereza ilibomoa mamia kwa mamia ya majumba ambayo wenyewe hawakuweza tena kuyalipia kodi na watumishi, na fremu za meko zikang'olewa na kuuzwa, nyingi zikivuka bahari hadi Marekani, ambako tajiri wa magazeti William Randolph Hearst alinunua meko ya kale ya Ulaya kwa ajili ya kasri lake la San Simeon huko California. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1956, iliyopitishwa baada ya ukungu wa moshi ulioua maelfu ya watu London mwaka 1952, ilipunguza uwashaji wa makaa ya mawe majumbani, na meko yaliyobaki yakawa pambo baridi. Fremu ya marumaru iliyopachikwa kwenye ukuta usio na dohani bado ni nzuri, lakini haisemi tena ni nani aliyekaa mbele yake wala ni baridi ya nchi gani iliyomleta hapo.

Lamu ilionja uchungu huo kwa milango yake, na Kenya ilijibu kwa sheria: Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, kama ile iliyoitangulia ya mwaka 1983, inaitaja waziwazi milango na fremu za milango zilizochongwa kabla ya mwaka 1946 kuwa vitu vinavyolindwa, na inampa waziri uwezo wa kuongeza vitu vingine. Inasikitisha kwamba urithi wa nyumba za kaskazini hutajwa mara chache sana katika mazungumzo ya namna hiyo, kana kwamba watu wanaohama hawawezi kuwa na vitu vya kale vya thamani. Dabqaad ya jiwe iliyorithiwa kutoka kwa bibi, iliyopasuka na kufungwa waya kiunoni, na yenye weusi wa miaka mingi ndani ya bakuli lake, hustahili kuandikwa katika daftari la makumbusho pamoja na jina la ukoo wake, mahali ilipotumika na mahali jiwe lake lilipochimbwa, kabla mfanyabiashara hajaibadilisha kwa chombo kipya cha umeme.

Haja hiyo ni ya haraka, maana El Buur imeishi vitani kwa miaka mingi. Mwaka 2014 majeshi ya Umoja wa Afrika yaliuteka mji huo kutoka kwa al-Shabaab, na mwaka 2017, majeshi ya Ethiopia yalipoondoka, kundi hilo likarudi. Vita vya namna hiyo humtawanya fundi na mwanafunzi wake, na vimeifanya barabara ya jiwe kuelekea kusini kuwa ya shida, huku maduka ya Garissa yakijaa vifukizo vya chuma chenye rangi ya dhahabu vinavyotoka Dubai na Uchina. Anayemiliki dabqaad ya jiwe anashauriwa asiimwagie maji ikiwa ya moto, kwa kuwa mvuke unaozaliwa ghafla ndani ya matundu ya jiwe hulipasua; makaa yamwagwe, chombo kipoe chenyewe, na kikipata unyevu kianikwe kivulini siku kadhaa kabla ya kutiwa moto tena.

Lakini sepiolaiti haipatikani El Buur peke yake. Bonde la Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanzania, lina tabaka za jiwe hilohilo zilizofanyizwa katika ziwa la kale, na katika karne iliyopita jiwe la huko, hasa la Sinya upande wa Tanzania, lilichimbwa na kuchongwa viko mjini Arusha vilivyouzwa hadi Ulaya kwa jina la Kiko. Wachongaji waliolelewa katika ufundi wa El Buur, au watoto wao waliokulia kambi za Dadaab tangu zilipofunguliwa mwaka 1991, wangeweza kulijaribu jiwe la Amboseli kwa kisu na tupa, na chuo cha ufundi cha Garissa au Wajir kingeweza kuwapa karakana na wanafunzi, huku soko la kwanza likiwa nyumba za Eldas na za Eastleigh jijini Nairobi, ambako uunsi hufukizwa kila jioni na wanunuzi wanalijua jiwe zuri wanapolishika.